Ruhusa ya Muziki: Kwa Nini Video za Nairobi Hunyamazishwa

Mwanzoni mwa mwaka 2018, chaneli ya YouTube ya Kenya iitwayo 2nacheki ilipata dai la hakimiliki kwa sababu ya video iliyoorodhesha nyimbo za taifa za Afrika. Wimbo uliozua balaa haukuwa wa msanii yeyote wa kisasa. Ulikuwa Ee Mungu Nguvu Yetu. Mwenye dai alikuwa De Wolfe Music, kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1909, ambayo biashara yake ni kukodisha muziki wa chinichini kwa filamu na televisheni. Wakenya waliwaka mitandaoni, na Bodi ya Hakimiliki Kenya, KECOBO, ikajitokeza kupinga kampuni ya kigeni kudai wimbo wa taifa.

Hasira ile ilieleweka. Sauti ya wimbo huo ilitoka kwenye bembelezi la Wapokomo wa Mto Tana, na mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop, George Senoga-Zake na Washington Omondi, ndiyo iliyoupanga ukawa wimbo wa taifa. Hakuna aliyeitwa De Wolfe katika kikao hicho. Lakini mtambo wa YouTube hausomi historia. Hulinganisha sauti iliyopakiwa na rekodi zilizowekwa na wanaojitambulisha kuwa wenye haki, na maktaba za muziki wa chinichini zimejaa rekodi za nyimbo ambazo hazikutungwa na maktaba hizo.

Kisa hicho kinabeba karibu kila kitu ambacho mtengeneza video wa Nairobi anapaswa kujua kabla ya kuweka muziki nyuma ya maneno yake. Wimbo mmoja una tabaka kadhaa za umiliki. Leseni ya tabaka moja haifungui jingine. Na anayeamua hatima ya video dakika ya kwanza ni mtambo usiojua nani amelipa na nani hajalipa.

Tabaka hizo ndipo wengi wanapojikwaa. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi wa muziki hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi ya sauti ni kitu kingine: hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Chukua Malaika, ulioenezwa na Fadhili William aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Rekodi ile ya kale inaweza kuwa imemaliza muda wake hapa Kenya. Utunzi wenyewe bado. Fadhili alifariki Februari 2001, na kama ndiye mtunzi, ulinzi unaendelea hadi mwisho wa mwaka 2051. Adam Salim naye ametajwa kwa miaka mingi kuwa mtunzi halisi. Kwa hiyo anayeweka Malaika chini ya video ya mbuga ya wanyama kwa kuamini ni wimbo wa kale usio na mwenyewe anaingia katika mzozo ulioanza kabla hajazaliwa. Akichukua toleo lililoimbwa upya na msanii mwingine, anaongeza rekodi mpya yenye mmiliki mpya na muda wake mpya.

Kosa la aina ya pili lilionekana na nchi nzima. Tarehe 16 Mei 2022, Raila Odinga alimtangaza Martha Karua kuwa mgombea mwenza wake katika ukumbi wa KICC, katikati ya jiji. Muungano wa Azimio ukasambaza video ya tukio hilo ikisindikizwa na Extravaganza, wimbo wa mwaka 2019 wa Sauti Sol wakishirikiana na Bensoul, Nviiri the Storyteller, Crystal Asige na Kaskazini. Sauti Sol walitoa taarifa kali: hawakuombwa ruhusa, na hawakutaka wimbo wao uonekane kama uungaji mkono wa kisiasa. KECOBO ilieleza sheria wazi. Kuunganisha wimbo na picha zinazosonga kunahitaji ruhusa ya mtunzi au mchapishaji wake, na kutumia rekodi yenyewe kunahitaji ruhusa ya mwenye rekodi. Leseni ya kucheza muziki hadharani haifiki huko.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mkahawa wa Westlands unaolipia leseni ya kila mwaka umelipia kucheza nyimbo kwa wateja walioketi. Matatu ya Kawangware yenye kibandiko cha leseni kwenye kioo imelipia abiria wake kusikia. Hoteli inayokodisha ukumbi kwa kongamano imelipia ukumbi. Mmoja wao akiinua simu, akarekodi, akaipakia video hiyo kwenye Instagram kama tangazo la biashara, ametoka kwenye leseni yake na kuingia katika haki ambayo hakuinunua. Hata DJ mwenye kila karatasi inayotakiwa ndani ya klabu anaanza upya pale kamera inapowashwa na shoo ikaenda laivu.

Kwa nini mkanganyiko huu umedumu Nairobi? Sehemu kubwa ya jibu imo katika historia ya vyama vya kukusanya mirabaha. MCSK ilianzishwa mwaka 1983 kwa ajili ya watunzi. Baadaye zikaja KAMP ya watayarishaji wa rekodi na PRISK ya waigizaji na waimbaji. Mwaka 2017 KECOBO ilikataa kuipa MCSK leseni, ikakipa chama kingine, MPAKE. Agosti 2021 ikafuta leseni za MCSK, KAMP na PRISK kwa pamoja. Mizozo imeendelea mahakamani na nje ya mahakama. Mfanyabiashara wa kawaida anayetaka kutii sheria amewahi kujikuta hajui alipe nani, na risiti ya jana ina thamani gani leo.

Wasanii nao wamechoka. Januari 2016 kundi la Elani lilitoa video likieleza kwamba lilikuwa limepokea shilingi 31,000 kutoka MCSK, wakati nyimbo zake zilikuwa zikichezwa redioni kutwa. Mwaka 2019 malipo ya shilingi 2,530 kwa msanii yalizua maandamano na kejeli. Mambo haya yanahusiana moja kwa moja na mtengeneza video, ingawa kwa juu juu yanaonekana kuwa ugomvi wa wanamuziki. Mfumo usioaminika na pande zote mbili haumfundishi mtu kuomba ruhusa. Humfundisha kujificha.

Na kujificha siku hizi hakuwezekani. YouTube ilianzisha mfumo wake wa utambuzi, Content ID, mwaka 2007. Katika miezi sita ya kwanza ya mwaka 2021 pekee, mfumo huo ulitoa madai zaidi ya milioni 722. Chini ya asilimia moja ya madai hayo yalipingwa na wenye video, na katika yaliyopingwa, karibu asilimia 60 yaliishia kwa ushindi wa mwenye video. Takwimu hizo zinasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Mtambo una nguvu kuliko ofisi yoyote ya hakimiliki duniani. Na mtu mwenye haki yake, akiitetea kwa ushahidi, hupata mara nyingi zaidi ya kukosa.

Kuna tofauti ambayo watu wa Nairobi huichanganya kila siku. Dai la Content ID si adhabu kwa chaneli. Mwenye wimbo anaweza kuamua kuchukua mapato ya matangazo ya video hiyo, kuifuatilia tu, au kuizuia isionekane. Onyo la hakimiliki ni jambo zito zaidi: hutoka pale mwenye haki anapoandika rasmi akitaka video iondolewe, na maonyo matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuifunga chaneli nzima, kazi ya miaka yote ikapotea. Mhariri anayekimbilia kufuta video kwa kuona dai la kawaida huenda anatupa kazi ambayo angeiokoa kwa kubadilisha wimbo ndani ya YouTube Studio, ambako mtu anaweza kukata kipande, kunyamazisha wimbo pekee, au kuweka mwingine mahali pake, bila kupoteza anwani ya video wala watazamaji waliokwisha kuiona.

Katika matangazo mubashara hakuna nafasi kama hiyo. Mtambo husikiliza wakati tangazo likiendelea. Ukitambua wimbo wa mtu, kwanza hutoa tahadhari. Muziki ukiendelea, picha ya tangazo hubadilishwa na picha tuli, kisha mkondo hukatwa. Tangazo likimalizika salama bado halijavuka, kwa maana rekodi inayobaki kwenye chaneli hukaguliwa tena kama video nyingine yoyote.

Nani anaumia zaidi? Jibu la haraka ni vijana wa gemu na madijei. Lakini Nairobi ina watu wengi wanaotegemea matangazo mubashara kwa sababu zisizo za burudani hata kidogo. Tangu kafyu ya Machi 2020 na masharti ya mikusanyiko yaliyofuata, ibada za wafu, harusi na misa zilihamia mitandaoni, na nyingi hazikurudi nyuma kabisa. Familia iliyotawanyika kati ya Kileleshwa, Minnesota na Dubai sasa hutarajia kiungo cha kutazama. Fundi anafika kanisani Valley Road na kamera mbili, kipaza sauti na modemu. Kila kitu kinakwenda vizuri hadi wasifu wa marehemu unaposomwa, na mtu wa mitambo ya sauti, kwa nia njema kabisa, anaweka wimbo wa injili uliokuwa ukipendwa na marehemu. Hapo mkondo ukikatika, watu walio ng'ambo wanapoteza dakika ambazo hazirudiwi.

Fundi makini hulizuia hilo kabla ya siku yenyewe. Huongea na kiongozi wa ibada na mtu wa sauti, akaomba orodha ya nyimbo za kurekodiwa zitakazochezwa. Kwaya ikiimba yenyewe, tatizo la rekodi linaondoka. Tenzi za karne ya 19 zenye sauti za kale ndizo salama zaidi, ingawa mpangilio mpya wa kwaya unaweza kuwa na mwenyewe, na mtambo huweza kutambua hata melodi tu. Pale wimbo wa kurekodiwa hauepukiki, sauti ya chumba huzimwa kwenye mkondo na wasifu unaendelea kwa sauti ya msomaji pekee, aliyefungiwa kipaza sauti chake. Kwa programu kama OBS, sauti ya msemaji huwekwa kwenye njia moja na muziki kwenye njia nyingine, ili nakala inayohifadhiwa kwenye kompyuta iweze kuondolewa muziki baadaye bila kugusa maneno. Familia hupewa nakala hiyo kamili kwa matumizi yao ya nyumbani. Kazi hii ya matayarisho haionekani kwenye bei ya tangazo, na inastahili kulipiwa.

Barabarani hali ni ngumu kwa namna yake. Mtu akianza kurekodi Kencom, akavuka Moi Avenue kuelekea Kenya National Archives na kutokea Tom Mboya Street, kipaza sauti cha simu kitakuwa kimezoa spika za maduka ya simu, mhubiri mwenye kikuza sauti, na nganya mbili au tatu zinazoshindana kwa besi. Sekunde chache za wimbo unaosikika wazi zinatosha kuamsha dai. Hakuna njia ya kuuomba mji unyamaze. Kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola, kilicho karibu na mdomo, hupunguza kelele za pembeni. Na wanaofanya kazi hii kila siku hurekodi picha za mtaani bila kutegemea sauti yake, kisha huweka maelezo na sauti nyingine za mtaa walizozirekodi mahali pasipo na muziki.

Imani moja sugu inapaswa kuzikwa. Hakuna sheria inayosema sekunde kumi, kumi na tano au thelathini za wimbo ni bure. Sheria ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti, matumizi binafsi, uhakiki, na kuripoti habari za sasa, pamoja na kutaja chanzo. Anayehakiki albamu mpya ya msanii na kucheza vipande anavyovijadili ana hoja. Anayeweka wimbo huohuo chini ya mapishi ya pilau hana. Kuandika kwenye maelezo kwamba mtu hamiliki wimbo huo wala hana nia ya kuvunja hakimiliki hakumsaidii kwa lolote. Ni kukiri kwa maandishi kwamba alijua. Na kununua wimbo kwenye programu ya kusikiliza, iwe Boomplay au Mdundo iliyozaliwa Nairobi, ni kununua haki ya kusikiliza.

Mitandao yenyewe ina maktaba zake, na kila maktaba ina uzio. TikTok huwapa watumiaji binafsi bahari ya nyimbo maarufu, lakini akaunti ya biashara huelekezwa kwenye maktaba ya muziki wa kibiashara. Saluni ya Kilimani inayotumia wimbo unaovuma kutangaza bei zake iko upande usiofaa wa uzio huo, hata kama wimbo ulikuwa pale pale ndani ya programu. Tena maktaba hizo hutegemea mikataba inayoweza kufa. Mkataba kati ya TikTok na Universal Music ulipokwisha mwisho wa Januari 2024, video nyingi sana zilinyamazishwa, na nyimbo hazikuanza kurudi hadi Mei. Meta nayo hukagua sauti za Facebook na Instagram na imesema wazi tangu 2020 kwamba kadiri nyimbo kamili zinavyoongezeka ndani ya tangazo mubashara, ndivyo uwezekano wa kukatwa unavyozidi. Wimbo ulioruhusiwa ndani ya mtandao mmoja hauruhusiwi kuhamishwa na video kwenda mtandao mwingine, ingawa huo ndio mtindo wa kila siku wa kupakua video ya TikTok na kuibandika YouTube.

Kwa madijei, mlango uliofunguka kiasi ni mitandao yenye mikataba maalumu ya miksi. Mixcloud ya London imejenga biashara yake juu ya makubaliano na kampuni za rekodi, na Twitch ilianzisha mpango wake wa madijei mwaka 2024 baada ya miaka ya video kufutwa kwa wingi. Kupeleka miksi ya saa mbili ya nyimbo za watu YouTube na kutumaini kwamba haitaguswa ni bahati nasibu.

Halafu kuna maktaba za kulipia, ambazo ndizo kimbilio la kampuni nyingi ndogo za video kuanzia Ngong Road hadi Westlands. Epidemic Sound ya Stockholm, iliyoanzishwa 2009, na Artlist ya Israel ndizo zinazotajwa zaidi. Mfumo wao ni rahisi: unalipa usajili, unaunganisha chaneli yako, na madai ya nyimbo zao huachiliwa kwenye chaneli hiyo. Urahisi huo una sharti ambalo watu hulipita mbio. Kinachoruhusiwa ni chaneli iliyounganishwa, na aina ya usajili huamua kama kazi za wateja zimo. Mhariri mwenye usajili wa binafsi akimtengenezea benki tangazo, benki ikalipakia kwenye ukurasa wake na kulilipia lisambazwe, dai linaweza kuangukia ukurasa wa benki, na mhariri hana jibu zuri la kutoa. Video zilizochapishwa usajili ukiwa hai hubaki salama. Mpya zitakazotoka baada ya kuacha kulipa hazimo. Kwa hiyo mradi ulioanza Machi na kutoka Novemba unapaswa kuangaliwa tena kabla ya kupakiwa.

Maktaba ya bure ya YouTube ni nzuri kuliko inavyosifiwa, na kwa anayeanza haina mpinzani, mradi asome kama wimbo unadai kutajwa jina la mtunzi. Leseni za Creative Commons zinahitaji uangalifu zaidi. Alama ya kutaja jina ni nyepesi kuitimiza. Alama inayokataza biashara humfungia nje anayefanya tangazo, na huweka wasiwasi kwa chaneli yenye mapato. Inayokataza kazi geuzi ndiyo hatari iliyojificha, kwa sababu kwa masharti ya leseni hizo kuulinganisha muziki na picha kwa wakati huhesabiwa kuwa ni kuugeuza. Wimbo huo wa bure, basi, hauwezi kuwekwa kwenye video hata kidogo.

Yote hayo ni kweli, lakini yana kasoro moja inayouma. Video za Nairobi zinaanza kusikika kama video za kila mahali. Gitaa lilelile la furaha lililorekodiwa Sweden linasindikiza tangazo la nyumba za Kileleshwa, ripoti ya shirika kuhusu shule ya Kawangware, na mapishi ya chapati. Wakati huohuo, mtaa wowote kati ya River Road na Dagoretti una kijana mwenye kompyuta, kibodi na spika mbili anayeweza kutengeneza midundo ya dakika tatu kwa siku moja, na anayekosa kazi.

Kumwagiza muziki mtayarishaji wa hapa ndiyo njia salama zaidi, ikifanywa ipasavyo. Sheria ya Kenya inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vingine. Kifungu hicho kinampa nguvu mwenye pesa, na mtayarishaji asiyekijua anaweza kuuza kazi yake yote kwa bei ya matumizi ya mara moja. Ni haki basi makubaliano yaandikwe. Biti iliyokwisha tengenezwa, ambayo mtayarishaji anaikodisha kwa wateja watano, ni habari nyingine: haikuagizwa, na anachopata mnunuzi ni ruhusa tu. Ruhusa ya kipekee au uhamisho wa haki hauna nguvu kisheria bila maandishi yaliyotiwa saini.

Ujumbe wa WhatsApp wenye neno "sawa" na alama ya dole gumba hautoshi. Ruhusa nzuri yaweza kuwa fupi: "Mimi ndiye mtunzi na mmiliki wa rekodi ya wimbo huu, na sikutumia vipande vya wimbo wa mtu mwingine. Nakuruhusu kuutumia katika video na matangazo mubashara ya chaneli yako kwenye YouTube, Facebook, Instagram na TikTok, yakiwemo matangazo ya kulipia, nchi zote, kwa miaka mitatu. Nimepokea malipo kwa M-Pesa leo." Jina kamili, tarehe na saini zikifuata, karatasi hiyo inajibu karibu kila swali ambalo mtandao wowote utauliza.

Maneno kuhusu vipande vya mtu mwingine yamo kwa sababu. Mwishoni mwa mwaka 2019, Uno ya Harmonize iliondolewa YouTube baada ya mtayarishaji wa Kenya Magix Enga kulalamika kwamba mdundo wake ulitumika bila idhini. Kama wimbo wa nyota wa Tanzania unaweza kushuka namna hiyo, video ya mtu aliyeukodi wimbo wenye tatizo kama hilo nayo hushuka. Watayarishaji wengi pia hutumia vipande vinavyouzwa kwa kila mtu duniani. Nyimbo mbili zisizojuana zikishiriki kipande kimoja, aliyewahi kusajili wa kwanza anaweza kuamsha dai dhidi ya wa pili, na wote wawili wakawa hawajaiba. Naye mwanamuziki J.B. Maina alionyesha upande mwingine wa mnyororo alipoishtaki Safaricom kwa nyimbo zake kutumiwa kwenye miito ya simu bila idhini yake; suala hilo likamalizwa nje ya mahakama kwa shilingi milioni 15.5. Ruhusa inayotoka kwa asiye na haki ya kuitoa haimkingi anayeipokea, awe mkubwa kiasi gani.

Kuna mtego mmoja zaidi unaoshangaza watu waliofanya kila kitu sawa. Msanii anaweza kuwa ametoa ruhusa kwa moyo mweupe, lakini wimbo wake uko mikononi mwa msambazaji wa kidijitali aliyeuingiza kwenye Content ID. Video inapopakiwa, dai linatoka papo hapo kwa jina la kampuni ambayo mtengeneza video hajawahi kuisikia. Dawa ni kumwomba msanii, kabla ya kupakia, amwandikie msambazaji wake aiondoe chaneli hiyo kwenye madai. Kwa tangazo mubashara hatua hii ni ya lazima, maana pingamizi la baada ya mkondo kukatika haliurudishi. Njia ya kujaribu ipo na haigharimu kitu: pakia video ya dakika chache yenye muziki huo ikiwa ya faragha, subiri ukaguzi, uone kama dai litatokea.

Wengine wameanza kukimbilia muziki unaotungwa na akili unde. Juni 2024 kampuni kubwa za rekodi ziliishtaki Suno na Udio huko Marekani, zikisema mifumo hiyo ilifunzwa kwa nyimbo zao bila idhini. Sheria ya Kenya inamtambua mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta kuwa ni aliyefanya maandalizi ya kuitengeneza, kwa hiyo suala la umiliki lina pa kuanzia hapa nyumbani. Masharti ya kila huduma ndiyo yanayoamua kama matumizi ya kibiashara yameruhusiwa, na mara nyingi akaunti ya bure haimo.

Dai likija, mtu mwenye karatasi zake asiogope. Pingamizi hupelekwa ndani ya YouTube, na mwenye dai ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza, dai hufa. Rufaa ya baadaye ina muda mfupi zaidi, siku 7 za kujibiwa, lakini ina hatari ya kuzaa onyo rasmi, kwa hiyo haifai kwa mwenye ushahidi wa kubahatisha. Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki yaliyofanywa mwaka 2019 yaliingiza utaratibu wa Kenya yenyewe, ambapo mtoa huduma za intaneti akipokea ilani ya hakimiliki huwa na saa 48 za kuifungia kazi inayolalamikiwa, isipokuwa apate ilani ya kuipinga. Wasanii wa hapa wanaoibiwa kazi zao wana silaha hiyo pia, na wengi hawaitumii.

Marekebisho ya mwaka 2022 yalijulikana kwa kifungu kinachompa msanii asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu. Yaliunda pia Sajili ya Kitaifa ya Haki chini ya KECOBO, na huenda hilo ndilo litakalowafaa zaidi watengeneza video. Mhariri aliye Kawangware saa nne usiku, mwenye kazi ya kukabidhi asubuhi, hahitaji hotuba kuhusu uzalendo wa muziki. Anahitaji kuandika jina la wimbo, kuona nani anaruhusu utunzi na nani anaruhusu rekodi, kujua bei ya video fupi ya mtandaoni, kulipa kwa simu na kupata leseni yenye nambari. Bodi ikiifanya sajili itoe majibu hayo, sehemu kubwa ya pesa zinazokwenda Stockholm kila mwezi itapata pa kukaa hapa. Wasanii hawana haja ya kungoja: mstari mmoja chini ya kila wimbo wanaoupakia, unaotaja anayetoa ruhusa ya matumizi ya video na namba yake ya kazi, unaweza kuwekwa leo.